Sura ya Tano: Bareti Iliyokataa Kuingia

Kijana alikuwa amekwisha kuweka kidole gumba kimoja upande huu na kingine upande ule, amekaza meno, anataka kusukuma. Nikamwambia, "Ngoja kwanza." Akanitazama. "Papa, imebaki kidogo tu."

Kweli ilikuwa imebaki kidogo. Bareti ya kumbukumbu ilisimama juu ya mdomo wa soketi, upande mmoja umeshuka, upande wa pili umenyanyuka kiasi cha punje ya mchele. Tulikuwa Bambu, ndani ya sekretaria publiki, ile ofisi ndogo ya kupiga barua, kutoa fotokopi na kulaminisha vitambulisho ambayo haikosekani katika mji wowote wa Kongo. Kompyuta ya kazi ilikuwa imechoka. Ukifungua barua mbili na picha moja inaganda, na foleni ya wateja inaanza kunung'unika mlangoni. Mama mwenye ofisi alikusanya akiba, akamwagiza mtu wa Bunia, wa Bunia akamwagiza mtu wa Kampala, na baada ya wiki tatu bareti ikafika, imeviringishwa ndani ya kitambaa. GB 8, mpya, haina hata mkwaruzo. Ilikuwa DDR4. Kompyuta ilikuwa ya DDR3.

Ningefika dakika moja baadaye, tungekuwa tumeua bareti na pengine soketi yake pia, na soketi ikifa imekwenda na bodi mama yote.

Nimefungua kompyuta kwa miaka mingi, Bambu na Bunia, na nikijiuliza ni nini kimewalia watu wetu pesa nyingi zaidi, jibu langu si virusi wala si radi. Ni vifaa vizima kabisa vilivyoletwa kwenye mashine visivyopatana nayo. Mahali pengine mtu akikosea anarudi dukani kesho yake, anabadilishiwa. Huku kwetu duka liko ng'ambo ya mpaka, na barabara ya kwenda Bunia, katika hii Djugu yetu ya vita visivyokwisha, inaweza kuwa wazi leo na kesho isipitike. Kifaa kikifika Bambu kimefika. Hakirudi.

Tuanze na ile bareti, maana ndiyo inayofundisha vizuri. Ukiilaza DDR3 kando ya DDR4 utadhani ni pacha. Urefu wao ni mmoja, zaidi kidogo ya sentimita 13, na ubao wao mara nyingi ni wa kijani kilekile. Lakini hesabu meno ya dhahabu yaliyopangwa chini: DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288. Kisha tazama ule mkato mdogo kati ya meno. Kwenye DDR4 umesogea zaidi kuelekea katikati. Mkato huo umewekwa pale kwa ulinzi. DDR3 inakula umeme wa volti 1.5, DDR4 inataka volti 1.2, na waliokubaliana juu ya vipimo hivyo waliuhamisha mkato makusudi ili mkono wa mtu usiweze kuilisha moja chakula cha nyingine. Kwa hiyo bareti inapokataa kuingia haijaharibika, wala soketi haina vumbi. Inakuambia habari ya kweli, tena inakuambia bure, kabla hujawasha umeme.

Kila kizazi kilifanya hivyo. DDR ya kwanza, ya mwaka 2000, ilikuwa na pini 184 na volti 2.5. DDR2 ilikuja 2003 kwa volti 1.8, DDR3 mwaka 2007, DDR4 ikaingia sokoni 2014, na vipimo vya DDR5 vilitangazwa 2020 kwa volti 1.1. Usitegemee kuhesabu pini peke yake: DDR2 nayo ina 240 kama DDR3, na DDR5 ina 288 kama DDR4. Kinachowatenganisha ni mahali pa mkato.

Namwelewa yule kijana kwa nini alitaka kusukuma. Bambu ni mji wa karakana. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, kampuni ya Kilo-Moto ikaundwa 1926, na mwaka 1966 ikawa shirika la serikali kwa jina la OKIMO, ambalo siku hizi tunaliita SOKIMO. Makao yake makuu yalikuwa hapa hapa. Wazee wetu walikulia katikati ya mashine za kuchonga chuma, na elimu waliyoturithisha ni kubwa: kipuri kisipoingia, kinapigwa tupa mpaka kiingie, boliti ikiwa na uzi wa inchi na nati ni ya milimita, uzi unakatwa upya, bushi ikilegea inawekewa kipande cha bati. Mtoto wa mji huu akiona kitu kimebaki kidogo kuingia, mikono yake inajua la kufanya hata kabla kichwa hakijafikiri. Naiheshimu elimu hiyo, ndiyo iliyonilea. Lakini chuma kina subira ambayo bareti haina. Ukiipiga tupa ikaingia, pini zitakazogusana si zile zilizokusudiwa, na waya wa umeme utakuwa umekabidhiwa mahali pa waya wa taarifa. Hapo hakuna wa kukata uzi upya.

Bareti inayogoma mlangoni, basi, ndiyo rafiki. Ya kuogopa ni ile inayoingia vizuri.

Seva za makampuni makubwa ya ng'ambo zinapostaafishwa, kumbukumbu zake huvuliwa na kuuzwa kwa mafungu, na baadhi ya mafungu hayo hupitia Dubai hadi kwenye masoko yetu. Bei yake inavutia kuliko kawaida. Mtu anaona GB 8 ya DDR3 kwa nusu ya bei anayoijua, anachukua. Pini ni 240, mkato uko mahali pake, inaingia mpaka lachi zinabana pande zote mbili. Unawasha. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini inabaki nyeusi. Unatoa, unafuta meno kwa raba ya penseli, unarudisha, nyeusi ileile. Bareti si mbovu na bodi si mbovu. Bareti ya seva imewekewa karani katikati: chipu ndogo inayopokea maagizo kutoka kwa prosesa, inayaandika, ndipo inayapeleka kwenye chipu za kumbukumbu. Seva yenye bareti nyingi inamhitaji karani huyo ili mzigo usimwelemee prosesa. Kompyuta ya mezani ya kawaida imezoea kusema na chipu moja kwa moja, haijui kuzungumza kupitia kwake. Wanatazamana, hakuna anayejibu.

Tofauti yote hiyo imeandikwa kwenye stika kwa herufi moja. Tafuta maneno kama PC3-12800U au PC3-10600R. PC3 maana yake ni DDR3, PC4 ni DDR4. Tarakimu ni kasi. Herufi ya mwisho ndiyo yenye kesi: U ni ya kompyuta ya mezani, R ni ya seva. Nimeona watu wakitazama GB, wakitazama hata rangi, wakapita juu ya herufi hiyo kana kwamba ni alama ya kiwanda tu. Zipo pia bareti za DDR3 za bei rahisi zinazouzwa kwa ajili ya prosesa za AMD peke yake, kwa kuwa chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo kidhibiti cha kumbukumbu cha Intel hakiwezi kuisoma. Zinaingia kwenye mashine ya Intel bila ubishi, na matokeo ni skrini nyeusi ileile. Muuzaji mwaminifu anakuambia. Wengi hawajui wenyewe.

Prosesa inahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu hapo wenye viwanda wenyewe ndio waliovuruga mambo. Soketi ya Intel inaitwa kwa idadi ya pini zake: 775 mwaka 2004, kisha 1156, 1155, 1150, 1151, 1200, 1700. Mtu mwenye akili anasema: namba zikifanana, vitu vinapatana. Nami nilisema hivyo, nikapata funzo. Kizazi cha pili cha Core, cha mwaka 2011, na kizazi cha tatu, cha 2012, vyote hukaa kwenye soketi 1155. Prosesa ya kizazi cha tatu inalala kwenye bodi ya kizazi cha pili kama yai kwenye kiota. Lakini chipseti iliyoko kwenye bodi, ile inayosimamia mawasiliano, ndiyo yenye neno la mwisho. Bodi za H61 zinaweza kuikubali baada ya kubadilishiwa baiosi. Bodi za Q65, Q67 na B65, ambazo ndizo zilizojaa ndani ya kompyuta za ofisi zilizotumika zinazotufikia, hazikuruhusiwa kuipokea. Mwaka 2017 Intel ilikwenda mbali zaidi: kizazi cha nane kikatoka na pini 1151 zilezile, lakini kazi za baadhi ya pini zikawa zimebadilishwa, na bodi za mfululizo wa 100 na wa 200 hazikitambui. Jina moja la soketi, nyumba mbili zisizozungumza. Huo nauita uzembe kwa mnunuzi, hata kama wahandisi walikuwa na sababu zao za umeme.

Nimetaja baiosi. Hiyo ni programu ndogo inayoishi kwenye chipu ya bodi mama na kuamka kabla ya kitu kingine chochote. Ndani yake kuna orodha ya prosesa inazozifahamu. Prosesa iliyozaliwa baada ya orodha hiyo kuandikwa ni mgeni asiye na barua, hata kama pini zake ni sawasawa. Dawa ni kupakua baiosi mpya kwenye tovuti ya mtengenezaji na kuiandika juu ya ile ya zamani, kazi ya dakika chache. Hizo dakika chache, hata hivyo, umeme hautakiwi kukatika, kwa sababu ukikatika katikati ya kuandika, bodi inabaki bila baiosi ya zamani wala mpya, nayo inakuwa kipande cha plastiki. Sasa fikiria umeme wetu: uwe wa bwawa la Budana kwenye mto Shari, lililojengwa enzi za Wabelgiji, uwe wa grupu inayoishiwa mafuta, uwe wa pano za jua zilizofunikwa na wingu la Aprili. Mimi sifanyi kazi hiyo Bambu pasipo betri iliyojaa na onduleri iliyokaguliwa siku hiyohiyo. Mteja akiniharakisha namwomba asubiri, na asipokubali namrudishia kompyuta yake ilivyokuja.

Umeme wenyewe ni habari ndefu, nayo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu imeandikwa 115 na 230. Kompyuta iliyotumika Marekani inakuja imewekwa 115. Kwetu umeme wa ukutani ni volti 220. Mtu anaipata kama zawadi kutoka kwa shirika au ndugu, anaifuta vumbi, anachomeka. Mlio kama wa bastola ya watoto, moshi, harufu ya samaki aliyeungua. Kinachotokea ndani ni hiki: ikiwa kwenye 115, pawa saplai inaongeza umeme maradufu kabla ya kuutumia, kwa kuwa inaamini umeme unaoingia ni mdogo. Ikipewa 220, kilele chake ni karibu volti 311, na ukizidisha mara mbili unazikuta kondensa mbili zinagawana volti 622. Kila moja kwa kawaida imetengenezwa kuhimili 200. Mara ya kwanza kuliona hilo nilikuwa mwanafunzi wa fundi, na mimi ndiye niliyechomeka. Kompyuta ilikuwa ya shule. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa kitu chochote kwenye mashine ngeni, kidole changu kinakwenda nyuma kutafuta swichi nyekundu.

Kuna hatari ya siri kuliko hiyo. Mwaka 1995 Intel ilitoa vipimo vya ATX, na dunia ikawa na umbo moja la bodi na plagi moja ya umeme, ili pawa saplai ya kiwanda hiki ifae bodi ya kiwanda kile. Lilikuwa jambo jema sana kwa maskini. Kisha, kuanzia mwaka 1998 hivi, kampuni ya Dell ikauza kompyuta zenye plagi ileile ya pini 20, umbo lilelile, lakini nyaya ndani yake zimepangwa upya. Ukiweka pawa saplai ya kawaida kwenye bodi hiyo, plagi inaingia bila kulalamika, na ukiwasha inaunguza pawa saplai au bodi au vyote viwili. Mkato wa bareti unamzuia mkosaji. Plagi hii ilimkaribisha ndani.

Zama hizo zimepita, mashine hizo karibu zote zimekwisha. Lakini kompyuta za ofisi zinazoletwa kwetu leo zina ugonjwa wa ukoo huohuo. OptiPlex 7020 na 9020, kwa mfano, zina plagi kuu ya pini 8 badala ya 24 za kawaida, na HP nayo ina mifano yenye plagi yake ya pekee. Angalau hapa umbo limebadilika, kwa hiyo huunguzi kitu. Lakini pawa saplai ikifa, ile ya kawaida iliyoko kwenye rafu Bunia haikufai mpaka upate waya wa kubadilishia, na waya huo nao unasafiri kutoka Kampala, wiki tatu. Wenye viwanda husema muundo huo unaokoa umeme. Sawa, unaokoa. Ila anayelipa gharama ni fundi wa Bambu mwenye pawa saplai nzima mkononi na kompyuta iliyokufa mezani, na viungo vyao havishikani. Siwezi kulisema hilo kwa upole.

Ndiyo maana mteja anapotaka kadi ya picha, hasa vijana wa studio za kwaya wanaohariri video, swali langu la kwanza si bei ya kadi. Nageuza kompyuta nasoma stika ya pawa saplai. Tundu la kadi kwenye bodi linatoa wati 75, basi. Kadi yenye plagi ya ziada ya pini 6 inataka 75 nyingine, ya pini 8 inataka 150. Kompyuta nyembamba ya ofisi ina pawa saplai ya wati 240 na haina hata hiyo plagi ya ziada. Na kadi yenyewe ni ndefu kwenda juu, kifuniko hakifungi. Kuna kadi fupi zinazojitosheleza kwa umeme wa tundu, na hizo tu ndizo ninazowashauri.

Nikirudi kwenye ile bareti ya mama: nilimwomba anionyeshe ujumbe aliotuma. Ulikuwa wa sauti, kwa Kiswahili chetu, kwamba anataka "bareti ya ordinateri, huit giga." Wa Bunia aliupeleka kama ulivyo. Kampala hawasemi bareti, wanasema ramu. Wao husema kwa Kiingereza na Kiluganda, sisi tumechukua majina ya vifaa kutoka Kifaransa: diski duru, karte mère kwa bodi mama, alimantasio kwa pawa saplai. Fundi wa Kampala akisikia "alimantasio" anaweza kufikiri ni chakula. Katika njia yote ile ya kupokezana, kilichobaki salama ni namba nane tu, maana namba haina lugha. Na namba nane peke yake haitoshi kununulia kumbukumbu. Muuzaji alitoa GB 8 za aina inayouzwa sana siku hizo, hakudanganya mtu. Simlaumu yeyote katika mnyororo ule.

Hata waya wa umeme unavuka mpaka na kukosana. Uganda ukuta una matundu matatu ya bapa, ya Kiingereza. Bunia na Bambu tuna matundu ya duara. Kompyuta iliyonunuliwa Kampala inafika na waya usioingia ukutani, na watu hukata kichwa cha plagi wakapachika kingine chenye nyaya mbili, ule wa tatu wa kijani na njano wakauacha ukining'inia. Huo ndio waya wa ardhi. Ukiuacha, sanduku la chuma litakuwa linakutekenya vidole kila ukiligusa, na siku umeme ukivuja hapatakuwa na pa kuupeleka ila mwilini mwako. Usikate. Upande unaoingia kwenye kompyuta ni uleule dunia nzima. Nunua waya mwingine wa matundu yetu, ndio mwisho wa tatizo. Kibodi nazo zinakuja na mpangilio wa Kiingereza wakati makarani wetu wamefundishwa kwa ule wa Kifaransa, lakini hilo ni la kubofya mara tatu kwenye mipangilio, haliui mtu.

Kati ya vyote vinavyoweza kuongezwa kwenye kompyuta ya zamani, kimoja nakipenda kwa sababu hakijamsaliti mtu: diski ya SSD ya SATA. Plagi ya SATA ilitoka 2003, ikaongezwa kasi mara mbili baadaye, na umbo lake halikubadilika. SSD ya leo inakubali kwenye bodi ya miaka 15 iliyopita, taratibu kidogo kuliko uwezo wake, lakini inafanya kazi. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika nne kuamka inaamka kabla hujavuta kiti. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu, anunue hicho kabla ya bareti na kabla ya prosesa. Achunge tu asiuziwe ile nyembamba ya M.2, inayofanana na ubao wa pipi ya kutafuna, kwa kompyuta isiyo na tundu lake. Na hata yenye tundu iangaliwe: M.2 nyingine husema lugha ya SATA, nyingine ya NVMe, na tundu la lugha moja halisikii nyingine. Bodi nyingi za kabla ya mwaka 2014 haziwezi kuamkia kwenye NVMe hata ukizitafutia kadi ya kupachikia.

Kuna mgomvi mwingine asiyeshikika kwa mkono. Windows ya biti 32 haioni zaidi ya GB 4 za kumbukumbu, hata ukiweka 16. Nimeitwa mara nyingi kwa "bareti mbovu" nikakuta bareti ni nzima na Windows ndiyo kipofu. Diski iliyogawanywa kwa mfumo wa zamani wa MBR haivuki TB 2. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haina tena matengenezo ya kawaida kutoka Microsoft, wakati Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au baada yake. Kompyuta nyingi zinazotua Bunia ni za kizazi cha nne, cha sita, cha saba. Ni nzima, zina nguvu za kutosha kwa ofisi yoyote, ila mlango umefungwa juu yao kwa orodha. Zinauzwa kwetu kwa bei nzuri kwa sababu hiyo hiyo. Kwa kazi za barua na mahesabu mimi naziwekea Linux, na karani anayejua kuandika barua anaizoea kwa wiki moja.

Mama wa sekretaria publiki aliniuliza mwishowe, "Fundi, sasa mimi nilipaswa kufanya nini? Mimi si mtu wa mashine." Ni swali la haki, na nilimjibu kwa simu yake mwenyewe. Tulizima kompyuta, tukachomoa waya, tukafungua kifuniko. Alipiga picha nne: jina na namba iliyochapwa kwenye bodi mama kati ya matundu, stika ya bareti iliyomo, stika ya pawa saplai, na picha moja ya ndani yote ili ionekane nafasi iliyobaki na plagi zilizopo. Kisha nikamwashia programu ya CPU-Z, ambayo ni ya bure na ndogo kiasi cha kubebwa kwenye flashi yoyote, akapiga picha ya ukurasa unaoonyesha aina ya kumbukumbu. Kazi yote haikumaliza robo saa. Picha hazitafsiriwi. Yule wa Bunia anazipeleka zilivyo, yule wa Kampala anazisoma zilivyo, PC3-12800U ni PC3-12800U kwa Kifaransa, kwa Kiluganda na kwa Kilendu.

Bareti ya pili ilichukua siku tisa. GB 4 za DDR3 zilizovuliwa kwenye kompyuta iliyokufa Bunia, kwa sehemu ndogo ya bei ya ile ya kwanza. Yule kijana ndiye aliyeiweka. Aliishika kwa kingo, akailinganisha na mkato kwanza huku nikimtazama, akabonyeza kwa upole, lachi zikabana zenyewe. Kompyuta ikaamka na kuhesabu GB 6. Foleni ya mlangoni imepungua.

Ile DDR4 ingali kwenye droo ya mama, ndani ya kitambaa chake. Haitazeeka haraka. Yeyote wa Bambu, Kobu au Mongbwalu mwenye kompyuta inayoihitaji, namwomba aje nayo. Tutafungua kifuniko kwanza, tusome.